Eti Nimempiga Plasta Mama Mkwe wa Watu

Najua mmeshaisikia. Rafiki yangu hana kifua, na chumvi haimwishi: eti kamera yangu mbovu, eti kwenye picha nimempiga mama mkwe wake plasta ya ukuta usoni, eti mama katoka chumba cha giza, kile ninachosafishia picha, analia. Uongo. Kamera ni nzima kabisa. Na mama hakulia, alifanya kitu kibaya zaidi. Subirini.

Chanzo ni Rodinal. Nyie wa picha za simu mtavumilia kidogo: hii ni dawa ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe, ipo tangu 1891, unaweka kidogo tu kwenye maji mengi, na chupa inakaa miaka bila kuharibika. Nilikuwa naitumia kwa Pan F Plus, filamu ya ISO 50 (namba ikiwa ndogo, filamu inataka mwanga mwingi) yenye punje, yaani zile nukta zinazounda picha, ndogo mno; negativu, ile picha ya kinyume kwenye filamu, zinatoka kali hadi unahesabu kope. Nikaota pembe. Mtu akiuliza filamu fulani inapatana na dawa gani, simwachi hata amalize: "Rodinal. Funga mjadala."

Basi mama akaja kuwatembelea, rafiki yangu akataka apigwe picha ya heshima. Usiku, sebuleni, taa moja ya mezani pembeni. Nikapakia Delta 3200, na hapo msinicheke, kwa mwanga ule ilikuwa filamu sahihi. Ila punje zake ni kubwa kwa kuzaliwa, na ile 3200 ni ya kuisukuma tu, yaani unaipiga kama ina spidi zaidi, halafu unaisafisha muda mrefu kufidia. Ilford wenyewe, wanaoitengeneza, wanaipima ISO 1000, wakakushauri uisafishe kwa dawa zao za DD-X au Microphen. Maelekezo yamechapwa ndani ya kasha. Kasha nilishatupa.

Nikamimina Rodinal, moja kwa 25 za maji, huku napiga mluzi.

Dawa nyingine kama D-76 ina kemikali ya salfaiti nyingi, inazilamba punje kingo zake hadi zinalainika. Rodinal ikishachanganywa na maji yote yale haina ya kutosha, kila punje inaiacha na kucha zake. Tena ni bahili wa spidi, ule wepesi wa filamu kunasa mwanga: penye kivuli filamu inabaki karibu tupu, na pakiwa tupu kwenye filamu, kwenye karatasi panatoka peusi. Kwa Pan F hayo hayakuumizi. Kwa Delta 3200 ndani ya sebule yenye taa moja, jamani.

Negativu ikiwa imelowa haisemi kitu. Niliinyanyua kwenye taa, nikaona uso, nikaona kilemba, nikaridhika. Nikawaita wote wawili chumba cha giza: "Mama, karibu uone unavyojitokeza." (Ndiyo, niliwaita mwenyewe. Hapo rafiki yangu hakuongeza chumvi.) Nikaikuza negativu hadi uso peke yake ukajaa karatasi kubwa, nikatumbukiza karatasi kwenye trei, taa nyekundu inawaka, mama kainama, mimi natoa mhadhara wa 1891.

Kwenye trei, palipo peusi ndipo hutangulia. Yakatokea matundu mawili.

Mama akauliza, "Hayo ni nini?"

"Macho, mama. Bado yanakuja."

Hayakuja. Likatokea tundu la tatu chini yake, mdomo. Halafu nusu nzima ya uso, ile iliyokuwa mbali na taa, ikazama nyeusi moja kwa moja. Nikatikisa trei kidogo, kana kwamba tatizo ni maji. Ndipo ngozi ikaanza kuingia, na haikuingia kama ngozi: nukta, nukta, nukta, kutoka paji la uso hadi kidevu, kila moja imesimama peke yake, kali, safi. Ukali ule ule niliokuwa naringia.

Nyuma yangu rafiki yangu akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayejizuia kucheka.

Mama akavaa miwani. Akasogea. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyotaka. "Mwanangu, haya madoa yakikauka yatatoka?"

"Hayatoki, mama."

Akanishika bega. "Pole. Kazi hii umeianza karibuni?"

Bora angelia.

Yaliyobaki ni mafupi. Kulikuwa na roli nyingine ya usiku ule ule, nikaisafisha kwa Microphen na saa mkononi. Punje bado zipo, hiyo ndiyo Delta 3200, lakini ngozi ni ngozi na macho yana mtu ndani. Mama kaichukua, kashukuru. Rodinal imerudi kwa Pan F wake.

Ile ya kwanza anayo rafiki yangu na amekataa kuirudisha. Mkitumiwa, futeni.