Friji lenye kutu bado ni friji

Kila sikukuu zikikaribia naisikia kauli ileile: "Hili friji limechoka, tutafute jingine." Uliza limechoka nini, utaambiwa kutu. Mota inanguruma vizuri, barafu inaganda, maji yanatoka ya baridi hadi meno yanauma. Tatizo ni chini ya mlango, bati limevimba na rangi inamenyeka, na wageni wanaliona kwa sababu wengi wetu friji tunaliweka sebuleni, juu limetandikwa kitambaa cha kufuma. Basi anaitwa jamaa wa vyuma chakavu na mizani yake. Mimi napinga. Friji ambalo mota yake ni nzima lipelekwe kwa fundi rangi.

Sisi wa pwani tunailaumu bahari, na kweli hewa ya chumvi haina huruma na bati, hasa yale mafriji madogo ya bia yanayokaa barazani. Lakini angalia kutu inapoanzia: chini, usawa wa ndoo. Ni maji ya deki, tena yenye jiki, yanayorushwa kila asubuhi na kutulia kwenye mkunjo wa bati ambako tambara halifiki. Jiki ina klorini, na klorini huila chuma haraka kuliko maji matupu. Ukiliinua friji kwenye stendi au hata matofali mawili yaliyokaa sawa, umeshamaliza nusu ya kazi kabla ya kununua rangi.

Kwa nini nasema hili si suala la urembo? Kati ya bati la nje na plastiki ya ndani kuna povu gumu linalozuia joto lisiingie. Bati likitoboka, unyevu unaingia kwenye povu, na povu lililolowa halizuii joto ipasavyo. Mota inafanya kazi muda mrefu zaidi, na wewe unashangaa luku inaisha upesi. Halafu kuna mabomba. Mafriji ya zamani yalikuwa na wavu mweusi wa mabomba mgongoni, lakini mengi ya sasa mabomba hayo yamefichwa nyuma ya bati la ubavuni. Weka kiganja ubavuni friji likiwa kazini, utasikia uvuguvugu. Kutu ikifika huko gesi inavuja, na kulitengeneza friji la namna hiyo mara nyingi hakulipi.

Kazi yenyewe usimpe mpaka rangi wa nyumba. Mpelekee fundi rangi wa gereji, yule anayenyoosha milango ya daladala. Yeye bati analijua, ana bomba la kupulizia rangi, ana puti, na ana subira ya kupiga msasa. Nimekaa nikimtazama fundi mmoja akiushughulikia mlango wa friji: kwanza ameuosha kwa sabuni ya kuondoa mafuta, maana friji la jikoni lina utando wa mafuta ya kukaangia usioonekana, na rangi haishiki juu yake. Ameng'oa mkono wa mlango, raba ameichomoa taratibu kwenye mfereji wake akaiweka pembeni. Kisha msasa mkali penye kutu mpaka bati likatoa mng'ao, na msasa laini sehemu zilizobaki, ili ule utelezi wa rangi ya kiwandani upotee. Hapo ndipo wavivu wanapojulikana. Anayepaka rangi juu ya kutu ameifunika tu, na baada ya masika itaibuka tena ikiwa na malengelenge.

Baada ya msasa ni praima ya kuzuia kutu, puti kwenye mashimo, msasa wa maji namba 400, ndipo rangi. Apulize tabaka nyembamba mbili au tatu, moja ikauke kabla ya nyingine. Akitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja mzito, rangi itachuruzika. Usikubali apake ndani: thina inaharibu plastiki na harufu itaingia kwenye maziwa yako. Asipake raba wala mota. Na rangi ikikauka mkononi usidhani imekomaa. Ipe wiki kadhaa kabla ya kubandika sumaku na kusugua kwa dodoki.

Kuna mambo ya hatari. Friji lichomolewe kwenye umeme kabla ya chochote. Soma kibandiko karibu na mota: kikiandika R600a, gesi iliyomo ni isobutane, inashika moto, kwa hiyo hakuna grenda, hakuna kuchoma rangi ya zamani kwa moto, hakuna kutoboa ubavu. Likilazwa kwenye bajaji kwenda gereji, likirudi lisimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili oili irudi kwenye mota. Mimi napendelea fundi aje nyumbani na kazi ifanyike uani, kwenye hewa.

Wapo watakaosema kuna stika, zile za maua zinazouzwa kwa mita. Kwenye bati zima, sawa. Juu ya kutu stika inafungia unyevu, na siku ukiibandua utakuta chini yake kumeoza zaidi ya ulivyokuacha.

Ninachokichukia ni rangi ya kuuzia. Duka la mitumba likikuonyesha friji linalong'aa kama sahani mpya, fungua mlango uchungulie kwenye mikunjo na nyuma ya raba. Ukikuta rangi imepita juu ya skrubu na juu ya kibandiko cha mota, kuna kitu kimefichwa. Na ukiuziwa friji la kioo lenye nembo nyekundu inayochungulia chini ya weupe, jua hayo aghalabu ni ya makampuni ya soda na bia, huazimwa wenye baa. Mwenyewe anaweza kuja kulidai.

Kuhusu rangi gani, sioni sababu ya kung'ang'ania nyeupe. Smeg ya Italia imejenga jina tangu miaka ya 1990 kwa kuuza mafriji ya mviringo mekundu, ya krimu na ya samawati, na watu wanayalipia pesa ambayo hapa ni kiwanja. Fundi wako wa gereji anaweza kukuchanganyia rangi yoyote ya gari unayoitaka. La barazani ningelipaka kijani cha chupa. La sebuleni krimu, kwa sababu vumbi letu halionekani sana juu yake.

Ila kabla hujatoa pesa ya rangi, chukua noti, ibane kwenye mlango wa friji, kisha ivute. Rudia pande zote nne. Ikitoka bila kushikwa, raba imekwisha, na jasho linalotiririka hapo ndilo linalolisha kutu. Nunua raba kwanza. Rangi isubiri mshahara ujao.