Mtoeni Mgeni Rasmi Jaladani

Kuna jarida la vijana limegawiwa wiki hii kwenye sekondari moja hapa Tanga mjini, na mpwa wangu wa kidato cha pili kaniletea nakala yake. Limenikera mno. Jaladani wamejipanga watu wazima wenye suti, katikati mgeni rasmi kashika mkasi, utepe mwekundu umepita mbele ya matumbo yao. Chini nembo za wafadhili zimebanana hata hazisomeki. Juu, kwa herufi nyekundu juu ya rangi ya kijani: ELIMU NI UFUNGUO WA MAISHA. Wanafunzi wamo, ukiwatafuta. Vichwa vitatu vimechungulia nyuma ya bega la mtu.

Nilimuuliza binti kama ameshalisoma. "Mjomba, kwani hilo si la wakubwa?"

Alikuwa ameshalichana jalada na kulitia kava daftari lake la Kemia, upande wenye picha ukiwa ndani. Jamani, hiyo ndiyo kura. Picha wanayoipenda huigeuzia nje, iwe ya mchezaji wa Simba au Yanga au ya msanii, na wasiyoitaka huificha. Mhariri anayetaka kujua jalada lake limekubalika vipi aende darasani akatazame madaftari.

Macho ya binadamu hukimbilia uso, hasa uso unaomtazama. Mwanafunzi hukimbilia zaidi uso wa mwenzake, mtu wa rika lake aliyevaa kama yeye, akamtazama na kujiuliza, huyu naye kafanya nini hata akawekwa hapa? Swali hilo ndilo linalofungua ukurasa wa kwanza. Wenzetu wa jarida la vijana la Fema walilijua hili mapema. Lilianza mwaka 1999 kwa jina la Femina, likawa linapelekwa bure mashuleni, na jaladani likiweka vijana wa Kitanzania. Nakala moja ilipita mikono ya darasa zima mpaka pini zikang'oka. Lilikuwa la bure kama hili la juzi, kwa hiyo bei haiwezi kuwa kisingizio.

Na Tanga haina uhaba wa sura. Asubuhi simama barabarani Chumbageni uwaone wanavyopita na baiskeli: binti mwenye shati jeupe na hijabu, begi kalifunga kwenye keria, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika kitabu. Jua bado la upande, uso wote unang'aa. Muombe mzazi wake ruhusa, maana huyu hajafika miaka 18, kisha piga picha karibu, macho yake yaonekane. Andika jina lake na alichokifanya. Mtoto wa Makorora au wa Ngamiani akiona hivyo atajua kwamba na yeye anahesabika, na mimi naamini kabisa kwamba mtoto anayejua anahesabika husoma zaidi. Huu ni mji ambao gazeti la Kiongozi lilichapwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwenye shule ya serikali ya enzi za Mjerumani. Tuna urithi wa kuulinda.

Maneno ya jaladani nayo yaahidi kitu. Mtoto mwenye mtihani wa Novemba hahitaji kukumbushwa ufunguo wa maisha. Mwandikie: "Swali la hesabu linalowatesa kidato cha nne, na njia ya kulijibu, ukurasa wa 14." Atafungua akiwa bado amesimama.

Halafu picha za WhatsApp. Jalada la A4 likitaka kutoka safi linahitaji picha yenye nukta kama 2,480 kwa 3,508, na ile iliyokwisha kutumwa kwenye kundi imeshaminywa. Ndiyo maana nyuso zile zilitoka kama zimepakwa unga. Ombeni picha halisi kwa mpigaji.

Nakubali kwamba karatasi na wino vinalipiwa na wafadhili, na mtu aliyetoa fedha ana haki ya kuonekana. Jalada la nyuma lipo, zima, nembo zote zitakaa kwa nafasi na kusomeka. Mgeni rasmi naye apewe ukurasa wa ndani wenye habari yake kamili, utepe na yote.

Toleo lijalo, kabla halijakwenda kiwandani, wahariri wachape majalada matatu tofauti kwa printa ya kawaida ya ofisini, wayaweke kwenye meza ya maktaba ya shule saa ya mapumziko, wakae pembeni wasiseme neno, waangalie mikono ya watoto inakwenda wapi. Litakaloisha kwanza mezani ndilo lipelekwe kwa mchapaji, hata kama bodi nzima ililikataa.