Nani yumo ndani ya "Weusi" wa Iowa?

Jedwali la sensa ya 2020 la jimbo la Iowa, Marekani, lina kaunti 99, na kila kaunti imegawiwa safu zake: Wazungu, Weusi, Waasia, Walatino, wenyeji wa asili, waliochanganya damu. Jimbo zima lina watu 3,190,369. Weusi ni kama asilimia 4 tu, na hawakutapakaa sawasawa. Wengi wako Polk, uliko mji mkuu wa Des Moines, halafu Linn, Scott, Johnson na Black Hawk. Black Hawk inaongoza kwa uwiano: karibu mtu mmoja katika kila kumi ni Mweusi. Ukitoka mijini ukaingia kwenye mahindi, safu hiyo inakauka.

Sisi tunaozungumza Kiswahili huku, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania, tumo kwenye safu hiyohiyo. Ubishi niliousikia mara nyingi ni kama tumehesabiwa humo au tumefichwa humo.

Tuanze na Black Hawk, kwa sababu hapo jambo linaonekana wazi. Mwaka 1911 wafanyakazi wa reli ya Illinois Central waligoma, na kampuni ikaleta Weusi kutoka Mississippi kushika kazi zao mjini Waterloo. Wajukuu na vitukuu vyao wako hapo hadi leo, na wamepita katika ubaguzi wa nyumba na shule ambao jimbo halikupenda kuusema kwa sauti. Karibu miaka mia baadaye wakaja Wakongo, wengine baada ya miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wakaingia kwenye viwanda vya nyama. Kwenye jedwali, bibi ambaye babu yake alishuka treni kutoka Mississippi na kijana aliyezaliwa Uvira, Kongo, wamo kwenye tarakimu ileile. Bibi anadai haki aliyonyimwa kwa vizazi vinne. Kijana anahitaji mkalimani hospitalini. Ukiwapa wote wawili jibu moja, mmoja hakika atakosa chake.

Tuliona gharama yake Aprili na Mei 2020. Corona ilipoingia kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe cha kampuni ya Tyson hapo Waterloo, zaidi ya wafanyakazi 1,000 waliambukizwa. Walikuwemo Wakongo, Wabosnia, watu wa Burma, wa Visiwa vya Marshall. Wakati kama huo daktari wa kaunti anahitaji kujua tangazo liandikwe kwa lugha gani na lipelekwe kanisa gani. Safu ya "Weusi" haimwambii hilo. Wala safu ya "Wazungu" haimwambii kwamba ndani yake kuna Wabosnia.

Ndiyo maana naona mstari mdogo ulio chini ya kisanduku cha "Mweusi" una thamani kubwa. Mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, waliotia alama pale waliombwa pia waandike asili yao. Nilikaa na jirani yangu, mama wa makamo kutoka Kivu ya Kusini, tukijaza fomu juu ya meza ya jikoni. Fomu yenyewe haikuwa ya Kiswahili. Kwa lugha yetu palikuwa na mwongozo tu. Alipofika kwenye mstari ule akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hapa niandike nini? Mkongo, Mubembe, au mkimbizi?" Kijana wake aliyesimama mlangoni akadakia: "Usiandike kitu, mama. Na hiyo namba ya simu wanaitakia nini?"

Yule kijana hakuwa mjinga. Waliotoka Maziwa Makuu wanajua kisanduku cha kabila kinaweza kufanya nini. Wabelgiji waliandika Hutu au Tutsi kwenye vitambulisho vya Rwanda miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo ndivyo vilivyoulizwa kwenye vizuizi vya barabarani. Marekani nayo ina doa lake: mwaka 1942 hesabu za sensa za maeneo madogo zilisaidia kujua wapi kuna Wajapani wa kukusanywa na kupelekwa makambini. Ukimweleza mtu kwamba sheria inaficha majibu yake kwa miaka 72, ana haki ya kukuuliza kama sheria hiyo itashika siku mambo yakichafuka.

Wako pia wanaopinga kwa hoja ya umoja, na hawa mara nyingi ni Watanzania wenzangu. Kwetu sensa iliacha kuuliza kabila baada ya 1967, na wengi wetu tunaona hilo limetulea vizuri. Hoja hii naiheshimu, na Iowa yenyewe inaiunga mkono kwa namna fulani. Tangu 1980 sheria ya jimbo inakataza wanaochora mipaka ya majimbo ya uchaguzi kutumia takwimu za asili ya watu, isipokuwa pale Katiba au sheria ya shirikisho inapolazimisha. Wanahesabu vichwa tu. Mimi nakubaliana nao katika kugawa viti vya uwakilishi. Lakini kugawa kiti na kugawa dawa ni kazi mbili. Kutotajwa kulitujenga Tanzania kwa sababu sote tulikuwa na Kiswahili cha kuzungumza na mganga. Hapa lugha hiyo ndiyo inayokosekana dirishani.

Hata hizo tarakimu zenyewe zimepunjwa. Uchunguzi wa ofisi ya sensa ulionyesha kuwa mwaka 2020 Weusi nchi nzima walihesabiwa pungufu kwa asilimia 3.30, huku Wazungu wasio Walatino wakizidishwa kwa 1.64. Familia tatu zinazoishi nyumba moja, mkataba una jina la mmoja: hapo ndipo watu wanapopotelea.

Viwango vipya vya serikali ya shirikisho vya kuuliza asili ya watu, vilivyotangazwa Machi 2024, vinaelekea upande ninaoutaka. Chini ya "Mweusi" vimeweka visanduku vya Wasomali, Wahabeshi, Wanaijeria na wengine, na kwenye mstari wa kuandika, Mkongo ametajwa kama mfano. Vikitumika hivyo, mama yule hatalazimika kubahatisha tena.

Ila nina shaka moja ambayo sijaimaliza. Linn au Polk, Wakongo ni wengi kiasi kwamba tarakimu yao haimwonyeshi mtu yeyote kidole. Lakini yule kijana wa mlangoni amehamia kaunti ndogo ya magharibi kufuata kazi ya machinjioni, na kwa jinsi anavyoniambia, familia za Kikongo huko ni tatu. Ofisi ya sensa huzichezea kidogo tarakimu za mahali padogo kwa makusudi ili mtu asitambulike, na hukataa kutoa zilizo chini ya kiwango fulani. Naamini wanajitahidi. Ikifika 2030 nitamhimiza mama aandike kwa herufi kubwa. Kijana nitamweleza yote niliyoyaeleza hapa, kisha kalamu nitamwachia mwenyewe.