Nimeipata x, Thamani Yake Sijaiona

Katika umri huu nilidhani mimi na herufi x tumeshamalizana. Tuliachana bila ugomvi: niliiachia hesabu zake, nayo ikaniachia usingizi wangu. Juzi jioni mwanangu akaniletea daftari lenye swali lisemalo, "Ikiwa ax + b = cx + d, tafuta x," nami, kwa kuwa siku moja kabla nilikuwa nimejigamba mbele ya nyumba nzima kwamba enzi zangu hapakuwa na hesabu iliyonishinda, sikuwa na pa kukimbilia. Nikavuta kiti.

Nililisoma swali mara tatu nikitafuta namba, kisha nikafunua ukurasa wa pili nione kama zimeangukia huko.

"Baba, hakuna namba," akaniambia kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitumia kwa wagonjwa. "Hizo a, b, c na d tunazichukulia kuwa zinajulikana."

Zinajulikana na nani? Mimi sizijui, yeye hazijui, na aliyetunga swali, kama angezijua, angeziandika. Nimekuja kugundua kwamba mazoea haya yana wenyewe. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète alianza kutumia irabu kwa visivyojulikana na konsonanti kwa vinavyojulikana, na mwaka 1637 Mfaransa mwenzake, René Descartes, akageuza utaratibu: herufi za mwanzo wa alfabeti zikawa zinazojulikana, na za mwisho, yaani x, y na z, zikaachiwa mzigo wa kutojulikana. Kwa hiyo a, ambayo kwa Viète ingekuwa mgeni, kwa Descartes imekuwa mwenyeji, na hakuna aliyeiuliza.

Basi nikaanza kazi kwa kanuni niliyokaririshwa, kwamba kitu kikihamia upande wa pili hubadilika alama, kana kwamba ile alama ya usawa ni mpaka wa nchi na kila anayeuvuka lazima abadilishiwe jina. Mwanangu akanikatiza. Walichofundishwa wao ni kwamba hakuna kinachohama: unatoa b pande zote mbili, upande mmoja b inajifuta, upande wa pili inabaki na alama ya kutoa. Nilikasirika, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu imenichukua miaka yote hii kuambiwa.

Kosa hilo la kuhamisha hamisha limekwisha kuniaibisha mahali pengine. Kuna kanuni ya kubadili nyuzi za Selsiasi kuwa za Farenhaiti, F = 9C/5 + 32, na siku moja nilitaka kuigeuza ili C ikae peke yake. Nikazidisha kwa 5 ili kuiondoa ile sehemu, lakini nikaisahau 32, nikaiacha kama ilivyokuwa, nikapata C = (5F – 32)/9. Nikaijaribu kwa nyuzi 32 za Farenhaiti, ambapo kila mtu anajua kwamba maji huganda, nami nikapata nyuzi 14 na ushei. Kwa hesabu yangu barafu ilikuwa inapatikana kwenye joto la kuvalia sweta. Kumbe MAGAZIJUTO, ile tuliyoiimba tukiwa wadogo, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, ni ya kufungia mzigo. Ukitaka kuufungua unaanzia mwisho ukirudi nyuma. Kilichojumlishwa mwisho ndicho hutolewa kwanza: ondoa 32, ndipo uzidishe kwa 5 na kugawanya kwa 9. Viatu huvuliwa kabla ya soksi, na hili nalijua kila siku isipokuwa ninaposhika penseli.

Nikarudi kwenye swali. Ugumu wake ni kwamba x imejitokeza pande zote mbili, kama mtu anayehudhuria mkutano mmoja huku amekaa viti viwili. Nikaikusanya upande mmoja: ax – cx = d – b. Hapo nikakwama karibu nusu saa nikijaribu kugawanya kwa a, halafu kwa c, na kila nikigawanya x inazidi kuzaliana, mpaka kifutio kikatoboa karatasi. Mwanangu akanyosha kidole: toa x nje ya mabano. x(a – c) = d – b. Mara moja tu, x mbili zikawa moja, na x = (d – b)/(a – c).

Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kisha nikalitazama. Hili ni jibu gani? Nimeingia na herufi tano, nimetoka na herufi nne zilizobebana. Nikiulizwa x ni ngapi, ni lazima nijibu kwamba inategemea.

"Na kama a na c ni sawa, Baba?"

Nikaangalia chini ya mstari wa kugawanya: sifuri. Yaani baada ya jasho lote lile jibu langu lina tundu katikati, maana kugawanya kwa sifuri hakuruhusiwi. Mwanangu akanieleza, bila kuombwa, kwamba hapo kuna mambo mawili: ikiwa b na d ni tofauti, hakuna x yoyote itakayofaa, ikiwa nazo ni sawa, kila namba iliyopo duniani inafaa. Nikamwagiza aongeze kando ya jibu kwamba a isiwe sawa na c, nikafunika kalamu, nikasimama na kujinyoosha kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba.

Akafunua ukurasa. Kipengele cha pili cha swali, mlinganyo ni uleule, herufi ni zilezile: "Sasa tafuta a." Ile x niliyoihangaikia jioni nzima imehesabiwa miongoni mwa vinavyojulikana.