Nilivyompandisha cheo dereva wetu kwa bahati mbaya

Kabla hamjaniuliza: sikuzimia. Huyo ndugu yenu wa kitengo cha kompyuta anayesambaza kwamba nilizimia mbele ya bodi ni mwongo. Niliinama kuokota pini. Niliinama muda mrefu kidogo, basi.

Na kwa kuwa ameshawapa toleo lake, chukueni na la mwenye msiba. Majina ya watu siyataji, herufi za mwanzo zinatosha, maana msiba wenyewe wote ni wa herufi.

Ile chati ya muundo wa kampuni mnaijua, ndiyo iliyoninyima usingizi mwezi mzima. Wiki mbili tuligombania mistari tu. Mhasibu wetu wa Tunduma, kwa mfano. Asubuhi meneja wa tawi ndiye anayempangia kazi, likizo yake anaisaini meneja wa tawi, lakini vitabu anamfungia Meneja wa Fedha huku Dar. Sasa bosi wake nani? Kwenye chati, anayekupangia kazi na kukufanyia tathmini anaunganishwa nawe kwa mstari mzima. Anayekuelekeza kitaaluma tu anapewa nukta nukta. Jambo dogo, eti? Meneja wa Fedha alisema yeye hawezi kuwa nukta nukta. Vikao vitatu na katoni mbili za maji zikaishia kwenye nukta nukta hizo.

Shikeni hapo: watu wote, mimi wa kwanza, macho yalikuwa kwenye mistari. Masanduku yenyewe, yale yenye majina na vyeo, hayakuwa na mtu wa kuyatazama.

Chati haikuchorwa kwa mkono. Ukishakuwa na watumishi 43, kuchora kwa mkono ni kujitafutia presha, kila anayeacha kazi unasogeza masanduku kumi. Unatengeneza orodha kwenye Excel, mtu mmoja mstari mmoja: namba ya mtumishi, jina, cheo, idara, halafu safu ya mwisho unaweka namba ya anayemsimamia. Visio, programu ya kuchora chati, inasoma hiyo safu ya mwisho na kujipangia mti yenyewe. Mkurugenzi peke yake ndiye kisanduku chake cha msimamizi kinaachwa kitupu. Vikiwa vitupu viwili, kampuni inaota vichwa viwili. Ukiandika namba ya msimamizi ambayo haipo kwenye orodha, mtu anabaki ananing'inia pembeni kama yatima.

Orodha yangu ilipangwa kwa vyeo. Mstari wa kwanza Mkurugenzi Mtendaji, mama yetu, jina lake linaanza na Z. Mstari wa 43 Mhudumu wa Ofisi, dada anayetupikia chai.

Siku moja kabla ya bodi kuja, saa kumi na moja jioni, uhasibu wakanipigia: hebu hakikisha hakuna jina lililoingia mara mbili. Nikaona rahisi, nipange majina kwa alfabeti, yanayofanana yatakaa jirani. Nikachagua safu ya majina. Safu ya majina peke yake, jamani. Excel ina adabu kuliko mimi, ikauliza: nipanue hadi safu za jirani, au niendelee na hii hii uliyochagua? Jibu la kwanza linakuja limeshawekewa alama. Ningebonyeza tu ningekuwa salama. Mimi nikaondoa ile alama kwa mkono wangu huu, nikachagua la pili, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuwahi mwendokasi.

Majina yakajipanga A mpaka Z. Vyeo, namba na wasimamizi vikabaki palepale vilipokuwa.

Hakuna jina lililojirudia. Nikahifadhi, nikafunga faili, nikajipongeza. (Ctrl na Z ingenirudisha nilikotoka, lakini ukishafunga faili hiyo nayo imekwenda.) Asubuhi nikatoa chati mpya, nikaikagua kitaalamu kabisa: kichwa kimoja, hakuna yatima, masanduku 43, Tunduma ana nukta nukta zake. Yote sawa, kwa sababu mistari inafuata namba, na namba hazikuguswa. Kompyuta haikuwa na la kulalamikia.

Mchapaji akanitumia sampuli kwa WhatsApp. Picha ya karatasi ya A1, milimita 594 kwa 841, imebanwa ikaenea kwenye kioo cha simu. Unaona nini hapo? Rangi. Nikamjibu: safi sana, chapa mbili.

Saa nne kamili. Wajumbe wa bodi watano wamesimama mapokezi, chati iko ukutani imefunikwa kitenge. Mama Z akasema, "Karibuni muione sura ya kampuni yetu," akavuta kitenge.

Makofi. Nasisitiza makofi, kwa sababu yalikuwepo, kama sekunde nne hivi.

Mzee Mwenyekiti akavaa miwani yake, ile ya kamba. Akasogea. Akaanzia juu, kama binadamu yeyote. Akasoma jina la kwanza kwa sauti, taratibu, kisha akageuka: "Mama, huyu ni nani?"

Jina lilianza na A, b, a. Dereva wetu. Alikuwa mlangoni kashika mikoba miwili ya wageni, akaitika kwa adabu zote: "Naam mzee, ndiye mimi."

Hapo nikaelewa. Sikuelewa chote, ila tumbo lilielewa. Na nikajua kitu ambacho Mama Z alikuwa bado hajakijua: kama A iko juu kabisa, Z iko wapi.

Akaanza kujitafuta. Kidole chake kilishuka kama lifti. Fedha, hayupo. Uendeshaji, hayupo. Forodha, tawi la Tunduma, hayupo. Maghala. Kila ghorofa kinasimama, kinafungua mlango, kinaendelea kushuka. Mimi nilishamwona. Kona ya chini kulia, kisanduku cha kijani: Mhudumu wa Ofisi (Chai na Usafi). Nilitamani nimwambie, lakini unamwambiaje mkubwa wako kwamba uko chini zaidi, mama, shuka tu?

Kikafika. Akasoma. Kisha, na hii ndiyo inayoniamsha usiku, akaufuata mstari kurudi juu aone anaripoti kwa nani. Ofisa Utawala. Na jina kwenye kisanduku cha Ofisa Utawala, mstari wa 11, lilikuwa la yule kijana wa field aliyekuja miezi miwili kutoka chuo.

"Kumbe bosi wangu ni huyu," akasema, polepole.

Kijana wa field alikuwa amebeba sahani ya sambusa. Akasema, "Shikamoo mama," kwa mara ya pili siku hiyo.

Ningenyamaza, ingeishia hapo. Lakini mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Niliwaeleza wajumbe wa bodi ya wakurugenzi kwamba mojawapo ya chati za mwanzo kabisa za aina hii, ile ya reli ya New York na Erie ya mwaka 1855 chini ya Daniel McCallum, ilichorwa kama mti, bodi na rais wa kampuni wakiwa chini, kwenye mizizi. Kwa hiyo mkubwa kukaa chini si jambo geni kihistoria. Ni kweli tupu, na sijawahi kusema kitu cha kweli kilichonidhuru kiasi hicho.

Mzee Mwenyekiti akauliza, "Na huko mizizini walikuwa wanapika chai?"

Ndipo pini ikaanguka.

Mengine yako haraka. Barua ya kujieleza nimeandika, kurasa mbili. Faili la mishahara lilikuwa pembeni, halikuguswa, ashukuriwe Mungu, nikavuta majina upya kwa namba ya mtumishi, dakika tano tu. Kuchapa upya kumetoka mfukoni mwangu. Huyo msambazaji wa habari, kwa taarifa yenu, jina lake linaanza na B, kwa hiyo kwa saa moja na nusu alikuwa Meneja wa Fedha. Wakati huo hakusema neno. Alipiga picha.

Nakala zile mbili mbovu niliambiwa nizichane. Moja nimechana. Ya pili dereva aliniomba kwa heshima, leo iko sebuleni kwake Mbagala, na wakwe wameshaiona. Jana usiku kanipigia simu anauliza kama naweza kumtumia na ile ya PDF.

Nimemtumia.