Acheni kumwambia "jipende" mwanamke ambaye bado anavuja damu

Nimechoka na zile posti za "dada jipende, jikubali, wewe ni malkia". Zinapita kila siku, zina picha nzuri na maneno matamu, na chini yake wanawake wamejaa wanaandika amina amina, na kati yao wapo ambao wameshajaribu kujipenda kwa nguvu zao zote ikashindikana, na sasa wanajihesabu wameshindwa hadi hilo. Mwanamke aliyepigwa na mume miaka nenda rudi, au aliyebakwa, au aliyekulia kwa mtu wa kumtukana asubuhi na jioni, ukimwambia ajikubali tu hujamsaidia. Umemuongezea deni.

Ninachoamini mimi ni hiki: kule kujichukia ni sehemu ya jeraha lenyewe. Sio tabia yake, sio imani haba, sio mindset. Ni jeraha na linatibika, na kwa wanawake wengi tiba ya mtandaoni, yaani unakaa na mtaalamu wa kweli kwa vidio, ni pa kuanzia pazuri kabisa na sio tiba ya daraja la pili kama wengi wanavyodhani. Ila ina masharti yake, na hayo masharti ndo hayasemwi.

Na hili la kujichukia silitungi. Shirika la Afya Duniani lina orodha yake ya magonjwa, toleo la 11 lilianza kutumika Januari 2022, na ndani yake kuna kitu kinaitwa PTSD changamano, PTSD yenyewe ikiwa ni ugonjwa wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha. Ile PTSD ya kawaida wengi mnaijua: tukio linakurudia kana kwamba linatokea sasa hivi, unakwepa kila kinachokukumbusha, mwili uko macho muda wote, mlango ukigonga kidogo tu umeruka. Hii changamano ina hayo yote halafu inaongeza mengine matatu, hisia zinazokushinda kuzituliza, shida ya kukaa karibu na watu, na la tatu ni kujiona huna thamani, umeharibika, mwenye aibu na hatia isiyokwisha. Someni tena hilo la tatu. Limeandikwa kama dalili! Sasa dalili utaiondoaje kwa kujiangalia kwenye kioo na kujiambia we ni mzuri?

Imechukua muda mrefu hadi kufika hapo. PTSD iliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na wakati ule picha iliyokuwa kichwani mwa watu wengi ni mwanajeshi aliyerudi Vietnam. Mwanamke ambaye vita yake iko chumbani kwake, na adui analala upande wa pili wa kitanda, alionekana ana hasira tu au ana kisirani. Daktari Judith Herman ndiye aliyependekeza mwaka 1992 kwamba mateso ya muda mrefu, yale ambayo mtu hawezi kuyakimbia, yanaacha jeraha la namna yake, na ikapita zaidi ya miaka 25 kabla orodha ya dunia haijalikubali. Na hapo tunazungumzia dunia ambayo kwa makadirio ya Shirika hilohilo la Afya karibu mwanamke 1 kati ya 3 amewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa kingono maishani mwake.

Halafu akijaribu kusema anaambiwa yaliyopita si ndwele. Jamani, haya ni ndwele! Yanamuamsha saa nane usiku, yanamfanya ashindwe kupanda lifti na mwanaume, yanamfanya aombe samahani hata akikanyagwa yeye. Yangekuwa yamepita asingekuwa anayaishi kila siku.

Sasa tuje kwenye tiba. Watu wakisikia tiba ya trauma, yaani ya hilo jeraha la akili, wanadhani ni kukaa na mtu unamsimulia unalia anakuitikia pole, basi mnaagana. Hapana. Kuna tiba zimejaribiwa, na mojawapo iliasisiwa na mwanasaikolojia Patricia Resick akiwa anawahudumia wanawake waliobakwa, huwa inaenda kama vikao 12 hivi, na kazi yake kubwa ni kuyachambua yale mawazo ambayo mtu amekwama nayo tangu siku ile. Kuna mwanamke namfahamu, na amenipa ruhusa nieleze bila kumtaja, yeye wazo lake lilikuwa moja tu: "ningepiga kelele asingeniweza". Amelibeba miaka na miaka. Mtaalamu wake hakumwambia "usijilaumu", maana hilo kila mtu alishamwambia na halikuingia. Alimwambia aliandike lile wazo juu ya karatasi, kisha akaanza kumuuliza kidogo kidogo, mwili wako wakati ule ulikuwaje? Akasema mikono ilikuwa mizito, sauti haikutoka, alikuwa anaangalia tu pazia. Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza akaelezwa kuhusu kuganda, kwamba mwili ukiona hakuna pa kukimbilia wala namna ya kupigana unaweza kujifunga wenyewe, hauombi ruhusa yako, na inawatokea wengi sana wanaobakwa. Kwahiyo kukaa kimya hakukuwa kukubali. Aliniambia alinyamaza muda mrefu akiwa anaangalia yale maandishi yake mwenyewe, halafu akachukua kalamu akaandika chini yake "sikuweza". Sio "sikutaka", "sikuweza". Kujikubali kwake kulianzia kwenye neno hilo, na yote hayo yalitokea akiwa chumbani kwake, simu imeegemezwa kwenye rundo la vitabu.

Najua swali linalofuata, kwamba hivi kweli kwa vidio inafanya kazi? Inafanya. Mwaka 2015 watafiti Marekani walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanawake wenye PTSD, tiba hiyohiyo ya kuchambua mawazo, wengine wakaipata ana kwa ana na wengine kwa vidio, na wa vidio hawakuachwa nyuma. Mimi binafsi naona kwa baadhi ya wanawake vidio ina faida ambayo ofisi haina. Fikiria mtu ambaye kilichomuumiza ni kuwa chumbani na mtu mmoja, mlango umefungwa, hawezi kutoka. Leo unamwambia njoo ukae chumbani na mtu mmoja usiyemjua na mlango umefungwa. Wengine wanaishia getini wanarudi nyumbani. Kwenye simu kitufe cha kukata kiko chini ya kidole chake, ajifunike shuka akitaka, azime kamera dakika mbili apumue kisha airudishe. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake anaanza kuamua vitu vidogo vidogo, na vidogo hivyo kwenye trauma ni vikubwa.

Hapohapo niseme kitu kimoja ambacho wengi hawakijui. Ukiwa kwenye vidio unajiona uso wako kile kiboksi pale pembeni, na kwa mwanamke mwenye aibu ya kupitiliza kile kiboksi ni mateso, analia huku anajiangalia anavyolia, anaanza kujirekebisha nywele badala ya kusema kinachomuuma. Kizime! Programu nyingi zina sehemu ya kuficha picha yako mwenyewe na mtaalamu bado anakuona kama kawaida. Mtaalamu mzuri atakwambia mwenyewe.

Hata ile tiba nyingine inayoitwa EMDR, ya mwanasaikolojia Francine Shapiro, ambapo unafuata mkono wa mtaalamu kwa macho huku unakumbuka tukio, nayo inafanyika mtandaoni, kuna nukta inakimbia kwenye skrini kushoto kulia, au unakunja mikono kifuani na kujigongagonga mabegani kwa zamu, wanaita kumbatio la kipepeo. Hilo la kipepeo lilitoka Mexico, Lucina Artigas alilianzisha akiwasaidia manusura wa kimbunga Pauline kilichopiga Acapulco mwaka 1997. Lakini tafadhali, usijifungie peke yako ukaanza kuchimbua kumbukumbu nzito kwasababu umeona vidio fupi mahali. Kujigonga mabega ili utulie sawa, kufukua yaliyozikwa unahitaji mtu wa kukushika.

Na hapa naingia kwenye masharti, na nitakuwa mkali kidogo.

Cha kwanza kabisa ni usalama, na simaanishi usalama wa moyoni, namaanisha ndani ya nyumba. Kama anayekuumiza mnaishi naye, au anashika simu yako anajua na paswadi zako, basi tiba ya mtandaoni inaweza kukuletea balaa. Mtaalamu anayejua kazi yake kabla hamjaanza chochote atakuuliza uko peke yako? Kuna anayeweza kukusikia? Mtakubaliana neno la siri, ukilitamka tu anajua kuna mtu ameingia na anageuza mazungumzo, mnaanza kuongelea mambo ya kazi. Atataka kujua siku hiyo uko wapi hasa na namba ya mtu wako wa karibu, kwasababu ikitokea umezidiwa yeye yuko mbali, hawezi kunyoosha mkono akakushika. Mtapanga pia mtandao ukikata katikati nani anampigia nani, maana kukatika ukiwa umefika pabaya kwenye simulizi na kubaki unaangalia skrini nyeusi ni kitu kibaya sana. Kama mtu hajakuuliza hata moja kati ya haya na dakika ya tano anakwambia "haya nisimulie kilichotokea", toka. Tiba ya trauma inaanza na usalama na kujifunza kujituliza, simulizi inakuja baadaye, na wengine wanapona bila kusimulia kila kitu. Kumlazimisha mtu amwage yote kwenye kikao kimoja mara baada ya tukio kulishafanyiwa utafiti na hakuzuii PTSD, Shirika la Afya Duniani halikushauri kabisa.

Kitu kingine, sio kila kinachoitwa tiba mtandaoni ni tiba. Wapo makocha wa maisha wanaouza kozi za uponyaji ndani ya wiki chache, hawana mafunzo ya trauma, wengi wao wana hadithi zao tu, na hadithi yako hata iwe nzito namna gani haikufanyi uwe mtaalamu wa kushika ya mwenzio. Muulize mtu amesomea nini, amesajiliwa wapi, trauma amejifunza tiba gani kwa jina. Asiyependa kuulizwa hakufai. Na kuchati kwa meseji peke yake mimi siuamini kwa trauma nzito, kwasababu mtu anaweza kuwa ameshapotea kabisa, mwili upo akili haipo, na vidole bado vinaandika "niko sawa". Kwenye vidio angalau mtaalamu anaona macho yameganda.

Siri zako nazo. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliiamuru BetterHelp, kampuni inayouza tiba ya mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 baada ya kuituhumu kwamba taarifa za wateja wake, watu walioahidiwa usiri, zilipelekwa kwa makampuni kama Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Kwahiyo zile kurasa za masharti zisome, au mpe mtu anayezielewa akusomee, na ukijisajili tumia barua pepe ambayo mtu mwingine nyumbani haifungui.

Halafu kuna suala la baada ya kikao. Ukienda ofisini kuna njia ya kurudi, unatembea unapigwa na upepo, mpaka unafika umeshajikusanya. Mtandaoni unabonyeza kukata na palepale mtoto yuko mlangoni anauliza kitu, au bosi ametuma meseji, na wewe dakika moja iliyopita ulikuwa na miaka tisa unajificha chini ya kitanda. Hakuna daraja. Lazima ulijenge mwenyewe, omba hata nusu saa ambayo hakuna anayekuhitaji, nawa uso kwa maji ya baridi, toka nje uzunguke, kanyaga chini usikie miguu. Na nyinyi mnaoishi na mwanamke anayefanya tiba hii, chukueni watoto hiyo nusu saa, msimuulize "umeongea nini leo", mkimuona kimya muacheni kimya.

Na wapo ambao mtandao hauwatoshi, tuseme wazi. Kama unawaza kujiua, au unapotea akili masaa unajikuta sehemu hujui umefikaje, au huna hata chumba kimoja unachoweza kuongea bila kusikilizwa, tafuta wa ana kwa ana, na kama hali ni ya sasa hivi nenda hospitali, usisubiri kikao cha Alhamisi. Waliobaki, mtaalamu wa kwanza asipokuingia moyoni sio mwisho, unaruhusiwa kumwambia hatuendani ukatafuta mwingine, na huna haja ya kumuomba msamaha kwa hilo.