Uzamivu wa Teknolojia ya Ufundishaji: Tasnifu Inatosha?

Mkufunzi mmoja wa chuo cha ualimu hapa Mwanza alinionyesha andiko lake, yaani pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamivu (PhD), katika teknolojia ya ufundishaji. Alitaka kupima kama wanafunzi wa Ukerewe wanaofundishwa hisabati kwa vishikwambi, vile vya Sensa ya mwaka 2022 ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu, wanawazidi wenzao wa ubao na chaki. Darasa la vishikwambi angelifundisha mwenyewe, kwa maandalizi ya wiki sita. Lile la chaki lingebaki kwa mwalimu wake wa siku zote. Wakifaulu, sifa ni ya kishikwambi au ya maandalizi? Andiko halikujibu, na kwa miaka miwili ya usajili wake hakuna aliyemuuliza.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1983 Richard Clark wa Marekani alieleza kwamba chombo cha kufundishia hakibadilishi ujifunzaji, kama vile lori linaloleta vyakula lisivyobadilisha lishe ya walaji; kinacholeta tofauti ni mbinu. Robert Kozma akampinga mwaka 1991, akishikilia kwamba chombo chenye sifa zake mahususi humsaidia mwanafunzi kujenga maarifa kwa namna ambayo kingine hakiwezi. Anayeusoma mjadala huo mapema hawezi kuandika andiko kama lile.

Ndiyo maana vyuo vikuu vingi vya Marekani humtaka mtahiniwa asome kwanza masomo ya darasani, kisha afanye mtihani mpana, ndipo aandike na kutetea tasnifu, yaani ripoti ndefu ya utafiti wake. Katika utaratibu wa Uingereza, ambao tuliurithi, mwenye shahada ya umahiri hupewa msimamizi na kupimwa kwa tasnifu yake. Tanzania zipo njia zote mbili.

Wanaounga mkono njia ya tasnifu pekee wana hoja nzito, nami naiheshimu. Mkufunzi mwenye vipindi, watoto wanaosoma na mkopo wa benki hawezi kuhamia Dar es Salaam kwa miaka miwili ili asikilize mihadhara, ambayo pengine itarudia aliyoyasoma katika umahiri. Hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewafaa wengi kwa sababu hakikuwataka waache kazi.

Hata hivyo, fani hii ina tabia yake. Mmoja huingia akitokea kompyuta, anajua kuunda programu lakini hajawahi kupima ujifunzaji. Mwingine hutokea ualimu, na takwimu humtisha. Msimamizi mmoja, hata awe hodari namna gani, hawezi kuziba mapengo hayo yote kwa vikao vichache vya ofisini. Kwangu mimi, mbinu za utafiti pamoja na takwimu, nadharia za ujifunzaji na usanifu wa mafunzo viwe lazima, vifundishwe wakati wa likizo za Juni na Desemba. Mtihani mpana uondolewe, na nafasi yake ichukuliwe na utetezi mkali wa andiko. Sharti la kuchapisha makala kabla ya kuhitimu lina nia njema, ila huwasukuma wengi kwenye majarida yanayopokea chochote kilicholipiwa.

Mkufunzi yule amelipanga upya andiko lake: walimu wawili, kila mmoja atafundisha darasa la chaki na la vishikwambi, kwa andalio lile lile la somo. Marekebisho hayo yamemchukua miezi mitano, na sasa anasubiri kibali cha kuingia shuleni.